Anayerudisha kamera si lazima awe tapeli

Katika makundi ya WhatsApp ya wapiga picha niliyomo hapa Mombasa kumeshika mtindo unaonitia wasiwasi. Muuzaji akidaiwa arudishe pesa za lenzi, anachukua picha ya skrini ya mazungumzo yao, anaibandika pamoja na jina na nambari ya simu ya mnunuzi, na chini anaandika: "Jihadharini na huyu, anasumbua." Kufikia jioni ujumbe umeshafika Nairobi, Kisumu na Eldoret, na kijana ambaye labda alikuwa akidai haki yake hawezi tena kununua hata betri kwa mtu yeyote kundini. Wenzangu wengi wanaona huu ndio ulinzi tuliokuwa tukiukosa. Mimi naona tumeuelewa vibaya mgogoro wenyewe. Matapeli wapo, na nitawafikia, lakini migogoro mingi niliyoishuhudia au kuombwa niisuluhishe ilikuwa kati ya muuzaji mkweli na mnunuzi mkweli, watu wawili waliokubaliana bei bila ya kukubaliana ni kitu gani hasa kinachouzwa. Orodha ya majina yanayobandikwa hivyo haigusi tatizo hilo hata kidogo. Inamwadhibu mtu ambaye kosa lake pekee ni kukagua alichonunua.

Tuanze na sababu ya migogoro kuongezeka sasa hivi. Mwaka 2018 Canon na Nikon, kampuni mbili zilizozilisha studio zetu miaka yote, zilitoa kamera za fremu kamili zisizo na kioo cha ndani, kila moja ikiwa na mlango mpya wa lenzi, yaani sehemu lenzi inapoungana na kamera: RF kwa Canon, Z kwa Nikon. Sony ilikuwa imetangulia tangu 2013. Mapema 2020 zikatoka EOS-1D X Mark III na Nikon D6, na baada ya hapo hakuna hata moja kati ya kampuni hizo mbili iliyotoa DSLR nyingine (kamera yenye kioo cha ndani) ya daraja hilo la juu. Mlango wa lenzi ukibadilika, hauuzi bodi, yaani kamera bila lenzi, peke yake. Adapta zipo na zinafanya kazi vizuri, lakini mwenye studio akishanunua bodi mpya na lenzi yake ya kwanza ya mlango mpya, begi zima la zamani linageuka mtaji uliolala. Ndiyo maana sokoni zinamiminika Canon 5D Mark III na 6D za 2012, Nikon D750 za 2014, na lenzi zilizokuwa juu ya bodi hizo. Wanaozinunua ni vijana wanaoanza kazi ya harusi, mahafali na video za muziki. Kwao DSLR ya miaka kumi ni kamera nzuri sana, na hawajakosea. Lakini ni kifaa kilichofanya kazi miaka kumi, mara nyingi kwa mikono mitatu au minne, na kila mkono uliondoka na kumbukumbu yake.

Soko lenyewe halina duka. Tangazo linawekwa Facebook, Instagram, Jiji au kwenye status ya WhatsApp, bei inajadiliwa kwa ujumbe wa sauti, pesa zinatumwa kwa M-Pesa, na mzigo unapanda basi la usiku. M-Pesa ilipoanza 2007 ilitatua tatizo kubwa la kufikisha pesa mbali. Haikuundwa kuzishika pesa hizo pembeni mpaka mali ikaguliwe. Kwa hiyo katika kila biashara ya Mombasa na Nakuru, au Nairobi na Kakamega, lazima mmoja atangulie: mnunuzi alipe kitu asichokiona, au muuzaji atume kitu ambacho hajalipwa. Karibu kila mara anayetangulia ni mnunuzi. Anauziwa mbuzi kwenye gunia, na anapofungua gunia akauliza swali, swali lake linapokewa kama vita.

Chukua lenzi ambayo wapiga harusi wengi wamewahi kuishika: Canon 24-105mm f/4L ya kwanza, iliyotoka 2005. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa umeme unaopeleka amri kwenye tundu la mwanga, na utepe huo hujikunja na kujikunjua kila unapovuta zumu. Baada ya miaka ya kazi huweza kukatika. Sasa, tundu likiwa wazi kabisa kwenye f/4 halina haja ya kusogea, kwa hiyo kamera haigundui kitu. Piga picha elfu moja za f/4, zote zinaweza kutoka safi. Weka f/8, yaani tundu dogo zaidi, upige ukoo mzima mbele ya ukumbi, skrini inaandika Err 01 na kamera inagoma. Muuzaji aliyezoea kupiga sura za watu kwenye f/4 anaweza kuuza lenzi hiyo huku akiapa kwamba haijawahi kumsumbua, na anasema kweli. Mnunuzi anaipokea Ijumaa, Jumamosi anaiweka f/8, na aibu inampata mbele ya maharusi. Naye anasema kweli. Ukiwapigia simu wote wawili, kila mmoja atakuambia mwenzake ni mwongo.

Au chukua suala la shata, kile kipazia kinachofunguka na kujifunga kila picha inapopigwa, ambalo limevunja urafiki mwingi kuliko fedha yenyewe. Kiwanda kilikadiria shata ya 5D Mark III kuhimili mizunguko 150,000, kwa hiyo mnunuzi yeyote mwenye akili anauliza imeshapiga ngapi. Muuzaji anafungua picha ya mwisho, anaona jina la faili IMG_4312, anajibu: "Elfu nne na kitu tu, bado mpya." Nambari hiyo ni ya faili. Kamera ikifika 9999 inarudi 0001 na kuanza upya, na mwenye kamera anaweza kuirudisha mwanzo wakati wowote kutoka kwenye menyu. Bodi yenye IMG_4312 inaweza kuwa imepiga 4,312, au 104,000. Nikon huandika hesabu ya kweli ndani ya faili la picha, hivyo picha moja isiyohaririwa inatosha kuisoma. Canon nyingi haziandiki, na inabidi uunganishe kamera na kompyuta yenye programu ya kuisoma. Nimekutana na mafundi wa harusi wa miaka kumi na mitano ambao hawakulijua hili. Mnunuzi anapoipeleka bodi kwa fundi na kuambiwa ni laki moja na ushee, anaamini amedanganywa makusudi. Na muuzaji, ambaye kwa dhati alidhani ni elfu nne, anaamini anasingiziwa ili bei ishuke.

Kisha kuna maneno yetu ya matangazo. "Safi kabisa." "Kama mpya." "Kumi kwa kumi." "Haina shida yoyote." Kwa mpiga picha wa magazeti, bodi iliyopauka rangi kwenye kona na inayopiga kila siku ni safi kabisa. Kwa mwanafunzi aliyeweka akiba mwaka mzima, mkwaruzo mmoja kwenye skrini ni kasoro. Hakuna kati yao anayekosea matumizi ya Kiswahili. Neno lenyewe halijafungwa kwenye kipimo chochote, na kila mtu analijaza kwa maisha yake.

Mimi mwenyewe nimekuwa upande wa muuzaji. Niliwahi kumuuzia bwana mmoja wa Nakuru lenzi ya 70-200mm kwa shilingi 95,000, na kwenye tangazo niliandika maneno yayo hayo: safi kabisa, haina mkwaruzo. Siku ya pili asubuhi akanitumia picha moja na ujumbe mfupi: "Kaka, washa tochi ya simu uangalie kutokea nyuma." Katika picha, ukingoni mwa kioo cha ndani, kulikuwa na nyuzi nyeupe nyembamba zilizotandaa kama utando wa buibui. Fangasi. Lenzi ilikuwa imekaa miezi ndani ya begi kabatini, hapa Pwani ambako hewa ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima, na fangasi hupenda giza na unyevu kama hivyo, kisha asidi yake hula utandu wa kioo taratibu. Sikuwahi kumulika ndani. Jibu langu la kwanza lilikuwa, "Ilitoka kwangu ikiwa safi," na nilimaanisha kioo cha nje nilichokuwa nimekifuta kwa kitambaa. Tulinyamaziana siku tatu. Nilimrudishia pesa zake baada ya kuimulika lenzi nyingine iliyokuwa imelala kwenye begi lilo hilo na kukuta nyuzi zile zile. Kama siku ile ya kwanza kundi letu lingekuwa na orodha ya wasumbufu, nina hakika ningemwandika humo.

Wanaozitetea orodha wana hoja, na hoja zao nzito zinastahili kupewa uzito. Ya kwanza ni ya kubadilishiwa. Unauza lenzi nzima, mnunuzi ana yake ya aina hiyo hiyo iliyoanguka, anakurudishia ile mbovu na kudai ndiyo uliyomtumia. Hili hutokea, na bila ushahidi muuzaji hana la kusema. Ya pili ni ya kuazima bure: mtu ananunua bodi Alhamisi, anapiga harusi Jumamosi, Jumatatu anagundua "ina shida" na anataka pesa zake. Ya tatu ni ya malipo. Huduma ya kurudishiwa muamala wa M-Pesa iliwekwa kwa ajili ya aliyekosea nambari, lakini wapo wanaopokea mzigo kisha wakadai walituma pesa kimakosa, na wapo wanaotuma ujumbe wa kughushi unaofanana na wa M-Pesa wakitegemea kwamba muuzaji hataangalia salio. Hawa ni wezi, na sina neno la kuwatetea.

Tazama hata hivyo kinachowashinda watu hao. Anayebadilisha lenzi anashindwa na nambari ya kiwandani iliyochapwa kwenye kila bodi na kila lenzi nzuri, ikipigwa picha pamoja na kifaa kizima kabla ya kufungwa. Anayeazima bure anashindwa na hesabu ya shata, kwa sababu bodi iliyoondoka na 61,240 na kurudi na 63,900 imefanya harusi, na ubishi unaishia hapo. Mwizi wa muamala anashindwa na mtu anayeangalia salio lake kabla ya kupeleka mzigo kituoni. Hakuna hata mmoja wao anayeshindwa na orodha ya majina, maana laini ya simu ni bei ya soda na tapeli ana laini nne. Orodha humnasa mtu anayetumia jina lake halisi na laini yake moja, yaani mnunuzi mkweli. Kile kile kinachomzuia mwizi, yaani kumbukumbu ya hali ya kifaa kabla hakijaondoka, ndicho kingezuia ule mgogoro wa watu wawili wakweli. Wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunauza mali ya laki moja bila daftari, kisha tunashangaa habari zake zinapokuwa za ugomvi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba mtumba ni mtumba, bei imeshapunguzwa kwa sababu ya hatari, na kilichouzwa hakirudishwi. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyorithiwa kutoka sheria ya Uingereza ya 1893, haikubaliani na hilo kirahisi hivyo. Kifungu cha 15 kinasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni sharti iendane na maelezo hayo. Hakiulizi kama ni mpya au kuukuu, wala kama muuzaji ni duka au mtu binafsi. Na biashara ya mtandaoni, ambayo mnunuzi haoni ila maneno na picha, ni mauzo ya kwa maelezo kwa kila hali. Ukiandika "haina fangasi" na ina fangasi, umeuza kitu kingine. Bei ya chini inalipia umri na matumizi. Mnunuzi anakubali kwamba lenzi ina miaka kumi na raba yake imelegea, kwa sababu aliambiwa. Hajakubali kubeba kasoro ambayo tangazo lilisema haipo. Ndiyo, sheria inaruhusu watu wazima kukubaliana waziwazi kwamba kitu kinauzwa kama kilivyo, bila dhamana. Lakini makubaliano hayo yanataka uaminifu wa kusema "sijaipima, chukua kama ilivyo, na ndiyo maana bei ni hii." Huwezi kuandika "kumi kwa kumi" kwenye mstari wa kwanza na "hakirudishwi" kwenye wa mwisho, kisha ukajificha nyuma ya wa mwisho.

Upande wa pili, wanunuzi nao huivuta sheria kupita ilikofika. Kifungu cha 16, kinachodai bidhaa iwe na ubora wa kufaa kuuzwa, kinamlenga muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo. Mwalimu anayeuza kamera yake moja aliyoinunua kupigia picha za watoto hayuko sawa na kijana anayeingiza bodi kumi kutoka Dubai kila mwezi, na si haki kumdai dhamana ile ile. Tena, ukiikagua bidhaa kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ungepaswa kuiona. Na ingawa sheria inampa mnunuzi nafasi ya kutosha ya kukagua kabla hajahesabiwa kuwa amekubali mzigo, nafasi hiyo ina mwisho. Aliyekaa na bodi wiki tatu, akaipigia kazi nne na kimya kisha ndipo akalalamika, ameshaipokea. Kama kweli kulikuwa na kasoro anaweza kubaki na dai la fidia, lakini kuirudisha nzima na kuchukua pesa zote kumempita. Na kubadilisha mawazo si kasoro. Kuona kamera nyingine kwa bei nafuu zaidi kesho yake, hiyo pia si kasoro. Nimesikia wanunuzi wakisema "mimi ni mteja, nina haki" katika mazingira ambayo haki hiyo haipo popote.

Mara nyingi mjadala ukifika hapa mtu husema: wenzetu nje wametatua, tunahitaji kitu kama eBay, lile soko la mtandaoni. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani wanaouza vifaa huko watakuambia hadithi tofauti. eBay ina mwamuzi, hilo ni kweli. Mnunuzi ana siku 30 za kudai kwamba kitu hakilingani na maelezo, hata kama muuzaji aliandika kwamba hakirudishwi. PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, hutoa siku 180 za kufungua mgogoro. Tangu 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwachia mnunuzi maoni mabaya, kwa hiyo ile orodha ya wasumbufu, ambayo tunaidhania kuwa dawa, eBay ilikuwa nayo kwa namna yake na ikaiondoa, kwa sababu wauzaji waliitumia kulipiza kisasi kwa wanunuzi waliolalamika kwa haki. Na bado migogoro ipo tele. Mwamuzi akiwa maelfu ya maili, naye haoni lenzi. Anaona maelezo na picha, na anaamua kwa hizo.

Kinachonivutia zaidi ni njia ya kampuni kama MPB, iliyoanzishwa Brighton mwaka 2011. Inanunua kamera kwa wapiga picha, inazipima, inapiga picha bodi ile ile utakayotumiwa pamoja na kila mkwaruzo wake, inaandika hesabu ya shata pale inapoweza kusomeka, na inauza kwa dhamana. Bei yake iko juu ya bei ya mtu kwa mtu, na watu wanalipa. Wanalipia maelezo. Kifaa ni kile kile ambacho jirani angewauzia kwa pungufu. Kilichoongezwa ni mtu aliyekaa nacho mezani na kuandika alichokiona. Thamani hiyo tunaiacha mezani kila tunapoandika "safi kabisa". Muuzaji wa Mombasa anayeonyesha tochi ndani ya lenzi, picha ya f/16 ya ukuta mweupe inayofichua vumbi la sensa, yaani kile kinachonasa picha ndani ya kamera, video fupi ya f/8 ikipiga bila Err 01, na hesabu ya shata iliyosomwa kwa programu, hajitafutii matatizo. Anauza kitu ghali zaidi kuliko mwenzake mwenye bodi ile ile.

Kuna eneo moja ambalo hata maelezo mazuri hayaliponyi, nalo ni barabara. Mzigo unaingia tumboni mwa basi saa tatu usiku, juu yake kinawekwa kiroba cha nazi, na asubuhi lenzi inatoka mlango umepinda. Wauzaji wengi huamini kwamba wakishapata risiti ya kituo cha basi, kazi yao imekwisha. Kwa kawaida sheria huhesabu kumkabidhi msafirishaji kuwa ni kumkabidhi mnunuzi, kwa hiyo wako karibu na ukweli. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka muuzaji afanye mapatano ya usafiri yanayofaa kwa aina ya mzigo, na asipofanya hivyo mnunuzi anaweza kukataa kuhesabiwa kwamba amekabidhiwa. Kuandikisha kamera ya laki moja kama "nguo" ili kuokoa shilingi mia mbili si mapatano yanayofaa. Wala kufunga lenzi ikiwa imeng'ang'ania kwenye bodi, ambapo pigo moja linaugeuza uzito wa lenzi kuwa mtaimbo dhidi ya mlango. Zitenganishe, kila moja na kifuniko chake, sponji kati yake, na uandikishe thamani ya kweli. Hili halina mjadala mrefu.

Kwa hiyo makundi yetu yafanye nini? Wasimamizi wakiamua leo, wanaweza kukataa tangazo lolote lisilo na nambari ya kiwandani, hesabu ya shata, picha ya tochi na muda wa majaribio uliotajwa kwa saa. Mimi napendekeza saa 48 tangu mnunuzi achukue mzigo kituoni, shata ikisomwa mwanzo na mwisho, na nauli ya kurudisha ilipwe na yule ambaye maelezo yamemwangusha. Ikikutwa kasoro ambayo haikuandikwa, muuzaji analipa. Kifaa kikiwa kama kilivyoandikwa na mnunuzi amebadilisha nia tu, analipa mnunuzi, tena kama muuzaji mwenyewe ameridhia kukipokea. Wanaopinga wanasema hili litawakimbiza wauzaji. Litawakimbiza baadhi, ni kweli, hasa wale ambao bei yao inasimama juu ya kisichosemwa. Watakaobaki watauza polepole kidogo na kwa bei nzuri zaidi.

Mgogoro ukishindikana kundini, tuache kuupeleka kwenye mahakama ya picha za skrini wakati ipo mahakama halisi. Tangu 2021 Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya mauzo ya bidhaa, na sheria inaitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Karibu kila kamera inayouzwa kwenye makundi yetu iko chini ya kiwango hicho. Unachohitaji ni ule ule ushahidi: tangazo, mazungumzo, picha za nambari, risiti ya basi. Mwenye daftari anaingia pale akiwa ametulia, awe muuzaji au mnunuzi. Na aliyesambaza jina na nambari ya mtu mtandaoni akimwita tapeli bila ushahidi anaweza kujikuta yeye ndiye anayeshtakiwa kwa kumharibia mwenzake jina. Sijui ni wangapi kati ya wenzangu wanaobandika majina usiku huu wamelifikiria hilo.

Haraka ya kufanya haya yote inatokana na kinachokuja. Leo tunagombana juu ya DSLR, kifaa ambacho fundi wa mtaani anakielewa na ambacho angalau kina shata ya kuhesabiwa. Kizazi cha kwanza cha kamera zisizo na kioo kinaanza kushuka bei na kuingia mikononi mwetu, na nyingi zake zinaweza kupiga kwa shata ya kielektroniki ambayo hesabu zetu za zamani hazisemi lolote juu yake, huku sensa ikielea juu ya mtambo wa kuzuia mtikisiko ambao anguko moja linaweza kuulegeza bila ya alama yoyote nje. Nikon Z9, iliyotangazwa Oktoba 2021, haina kabisa shata ya kimitambo. Siku bodi kama hiyo itakapobandikwa kundini kwetu, ikiwa imepiga mechi za misimu mitatu na kuanguka mara mbili, kijana wa Nakuru atauliza swali lake la siku zote, "Imepiga ngapi?", na muuzaji mkweli atahitaji kumjibu kwa kitu kingine zaidi ya nambari.